Jibu la Asubuhi

Pasua, Moshi
24 Agosti 2006

Dada Ndelilio mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Holili hamjambo, na kwamba kifua cha Mama kimetulia na baridi hii. Mimi ni mzima wa mwili.

Najua umewasimulia watu kanisani kuwa mdogo wako ndiye aliyetengeneza tovuti ya akiba ya damu hospitalini kwetu. Ni kweli. Muuguzi akiifungua, anaona chupa zilizobaki za kila kundi. Lakini ilikuwa nzito, maana kila ilipofunguliwa kompyuta ilikwenda kuuliza upya kwenye hifadhidata. Wauguzi wakalalamika. Nikaipanga iulize mara moja, ihifadhi jibu, kisha impe kila mtu jibu lilelile kwa saa sita. Ikawa nyepesi, nikasifiwa. Ilibaki kuweka amri ya kufuta jibu hilo kila chupa inapotolewa. Nikaahirisha.

Jumanne ya wiki iliyopita zahanati moja ya Kwa Sadala ilipiga simu: mama mjamzito anatoka damu, kundi O hasi. Muuguzi wa zamu, Theopista, alitazama akaona chupa mbili, akasema wamlete. Kumbe zote zilikuwa zimetumika asubuhi ileile. Walipofika friji ilikuwa tupu, wakamkimbiza hospitali nyingine. Mama alipona. Mtoto alifariki.

Theopista alisimamishwa kazi. Alishikilia kwamba aliona mbili. Daktari mkuu aliponiita nikague, saa sita zilishapita na ukurasa ulionyesha sifuri. Nikamwambia mfumo uko sawa, huenda muuguzi alisoma vibaya.

Dada, nilijua. Nilijua hata kabla sijavuta kiti.

Nilikaa hivyo siku nane. Jana nilimweleza daktari yote, kisha nikaenda nyumbani kwa Theopista. Nilimkuta anamenya ndizi. Aliniuliza, "Ulijua siku ileile?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Mimi nilishaanza kuamini kwamba sikuona." Akaendelea kumenya.

Ameitwa arudi kazini Jumatatu. Mimi nimeachishwa, na ni haki. Jumamosi nitakwenda Kwa Sadala kwa Eliufoo, mume wa yule mama. Sijui nitaanzia wapi.

Tafadhali msomee Mama barua hii yote, usiruke mahali popote. Na kanisani wakiniulizia, waambie hivihivi.

Msalimie shemeji, na watoto uwashike kichwa kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Kornel