Mgongoni kwa Mkwe

Ijumaa, 6 Juni

Nimefika. Miguu imeumuka. Saa kumi na moja angani, na jirani yangu kalalia bega langu saa tisa kati ya hizo.

Binti yangu na mkwe walinipokea wameshikana mikono. Miaka saba ya ndoa na bado wanashikana mbele za watu — nikafurahi. Kisha nikaitazama vizuri hiyo mikono. Wameshikana kama watu waliobeba meza.

"Baba vipi? Kwa nini hakuja?" binti akauliza. Nikasema presha. Presha yake nzuri kuliko yangu. Tangu Machi anakaa kwa dada yake, kahama na redio na viatu vyote. Lakini hayo si ya kumwambia mtoto uwanja wa ndege. Wala kwenye simu, kama nilivyojiambia miezi mitatu.

Jumamosi, 7 Juni

Nyumba ndogo, ghorofa ya nne. Mkwe kajitolea kupika chai. Kabati la kwanza: sahani. La pili: sabuni za kufulia. Mwisho akauliza, "Vikombe umehamishia wapi?"

"Palepale," binti akajibu, meno yamekazana.

Mtu asiyejua vikombe vya kwake vilipo, ama mvivu sana, ama si kwake.

Nimeshona nguo miaka thelathini na moja, macho yangu hayajui kupumzika. Nilipotundika gauni nikaona upande wa mkwe: mashati matatu, bado yana mikunjo ya begi. Nikafunga kabati. Nikasema nyumba yao nzuri.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua. Wote wawili kazini. Jioni mkwe karudi wa kwanza, akapiga kengele. Kengele, nyumbani kwake!

"Nimesahau funguo, Mama."

Nikamwambia hutokea.

Binti alitaka tumpigie baba yake. Nikasema saa hizi kalala. Huenda ni kweli.

Jumatano, 11 Juni

Tumekuja mashambani, mwendo wa saa tatu kwa gari la kukodi. Mkwe anaendesha, binti anamwelekeza, wanabishana kwa lugha ya huku ili nisielewe. Sikuelewa neno. Nilielewa yote.

Nyumba ya mbao, ng'ombe hadi dirishani. Vyumba viwili, kila kimoja kitanda kimoja. Nikasema nitalala na binti yangu, nimemkumbuka. Sijapata kuona mwanamume akifurahi hivyo kwa kunyang'anywa mke.

Alhamisi, 12 Juni

Leo tumepanda kilima. Kondoo kila mahali, wanatutazama kama wenye nyumba. Halafu kijito, mawe yanateleza. Binti akavuka mbele. Mkwe akachuchumaa.

"Panda, Mama."

Mkwe anibebe mgongoni! Mama yangu angefufuka. Lakini goti langu la kushoto halina adabu, na maji ni barafu. Nikapanda.

Katikati ya maji akaanza. "Mama, siwezi tena. Mimi na mwanao tumeachana. Tangu mwaka jana. Alinisihi nije nikae mpaka utakapoondoka."

"Nishushe kwanza."

"Tuko majini, Mama."

"Basi nivushe, halafu useme."

Ng'ambo binti kasimama na taulo. Akatutazama mmoja mmoja. "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Kondoo," nikasema.

"Kondoo," mkwe akaitikia.

Angeniambia nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, ningemgombeza. Mtu uliyemshika shingo humgombezi. Akanifuta viatu pia, bila kuombwa. Nilirudi njia nzima nimenuna, na sikujua namnunia nani.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua tena. Mkwe kaenda kununua mkate kwa miguu, na gari lipo. Nadhani walipanga.

Binti akaniambia mwenyewe, hapo mezani, analia taratibu kama anayeomba ruhusa. Sikujifanya kushangaa. Nimechoka.

"Ulijua?"

"Mimi fundi, mwanangu. Palipofumuka napaona."

Nilidhani ataniuliza nani kanidokeza. Hakuuliza. Akajipangusa kwa kiganja. "Niliogopa utaona aibu. Wewe na Baba miaka thelathini na nne! Kila siku najiuliza, wao wameweza, mimi nimeshindwa nini? Niambie, Mama. Mliwezaje?"

Nikasema ngoja nikachukue miwani. Miwani nilikuwa nayo kichwani. Akaiona, akageukia birika.

Sasa niko chumbani, mlango nimeurudishia tu. Namsikia anamimina chai. Kikombe kimoja. Cha pili. Anavuta kiti, anakaa.

Ananiita.

Nimesema nakuja.

Ananiita tena. Sijui nianzie Machi, au nianzie mbali zaidi.