Kompyuta Imesema Kipawa Wahame Wote

Zahabiya, nimeaibika mwenzio! Nimetoka kwenye kikao sasa hivi.

Si leo nilikuwa nawaonyesha viongozi wa mtaa wa Kipawa ule utafiti wangu wa malaria? Niliiambia kompyuta ipige hesabu, itafute njia bora kabisa ya kumaliza malaria Kipawa. Jibu limetoka asubuhi, mie nikalibandika kwenye slaidi bila kulisoma.

Nikawasomea kwa sauti: "Wahamishwe wakazi wote."

WOTE, Zahabiya!! Nilisahau kuiwekea sharti kwamba watu wabaki. Bila watu hakuna mgonjwa. Kihesabu iko sahihi kabisa!

Mwenyekiti, Mzee Projestus, akasimama taratibu.
"Mwanangu, hata sie viongozi?"
Kwa kiwewe nikajibu, "Shikamoo mzee."
Nimesema shikamoo!!

Ikabidi nikiri kosa ni langu, nikaomba wiki moja nirekebishe. Wakanikubalia, nikashusha pumzi.

Sasa mzee kanifuata huku nje, kaangalia kushoto na kulia, ananinong'oneza: "Sie wengine turudishe kwenye hesabu. Ila jirani yangu mwenye spika, huyo muache ahame."