Mafiga Yaliyo Chini ya Jiko Lako

Susu, nyanya yangu mpendwa,

Habari za huko sijui niziulize aje, kwa hivyo nianze na za huku. Ni mbaya. Jumatatu tingatinga inakuja kubomoa nyumba zetu. Mtu wa Nairobi aliyenunua ranchi ya mzungu yuko na hati ya nchi yote hii, kutoka mtoni hadi barabara ya Kitengela, na sisi anatuita maskwota, watu waliovamia ardhi yake. Shuleni tulifundishwa neno hilo kwa Kiingereza. Kusikia Baba akiitwa hivyo ni kitu kingine.

Unakumbuka tukilima maharagwe, ukanionyesha mahali udongo ulikuwa wa kijivu? Ulichimbua polepole mpaka mafiga matatu yakatokea, meusi, majivu bado yako katikati. Yalikuwa ya mama yako. Ulisema askari wa mzungu walipochoma nyumba zenu, wanawake walifukia mafiga vile yalivyokaa, wakalala ng'ambo ya mto, halafu wakarudi kujenga papo hapo.

"Mtu hubeba mafiga akihama," uliniambia. "Sisi hatukuwa tumehama."

Kisha ukayafunika, ukanicheka vile nilitoa macho.

Wakili tuliyemwendea aliposikia hayo alisema ndiyo ushahidi wetu, kwamba tuliishi hapa kabla ya ranchi. Akaahidi kuleta mtaalamu wa kuchimbua vitu vya kale. Sasa Susu, unamjua mwanao. Mgeni aje apate boma chafu? Nikiwa shuleni, Baba aliyafukua yote. Mama akayasugua kwa sabuni ya unga, majivu akayafagia. Nilipofika nyumbani nikayapata yamepangwa mlangoni, yanang'aa.

"Sasa hata kipofu ataona ni mafiga," Baba aliniambia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisa.

Mtaalamu, mama mmoja mpole, aliyainamia kwa muda. Akauliza yalikuwa yamekaa wapi, na majivu yako wapi. Mama akaonyesha shimo la takataka.

"Pole sana, mama. Yakishatolewa mahali pake na kuoshwa, siwezi kuapa kortini kwamba ni zaidi ya mawe."

Hakutucheka. Afadhali angetucheka. Tangu siku hiyo Baba hali chakula, na Mama hashiki ufagio.

Unajua nilivyo, hata kuomba chumvi kwa jirani nilikuwa nakutuma wewe. Lakini nilikumbuka ulivyosema kwamba jiko lako ulilijenga juu ya mafiga ya nyanya yako, na hujawahi kuyagusa. Tangu tukuzike, Baba hajaweza kufungua mlango wa jiko hilo. Na kufika huko chini, lazima jiko libomolewe, maana ndani hapana nafasi ya kuchimba, na ni sisi wenyewe tulibomoe, ili mtaalamu achimbe Jumapili. Leo mchana nikamwambia.

Alinitazama sana. "Uko na hakika mafiga yako hapo?"

"Niko na hakika," nikasema, kwa sauti mpaka mbuzi wakageuka. "Lakini kuta tu, Baba. Sakafu tusiiguse. Hiyo ni kazi ya yule mama."

Sasa namsikia aking'oa mabati yako, moja moja, analia bila kujificha. Na mimi nimejifungia huku nakuandikia, kwa sababu kuna kitu siwezi kumwambia. Yale ya shambani ulinionyesha. Haya uliniambia tu.

Lala salama, Susu, na kama hakuna kitu hapo chini, unisamehe nyumba yako.

Mjukuu wako, mwenye jina lako.