Apone Kwanza, Ndipo Atembee

Jumapili, 6 Julai 2025. Nyansurura

Mdogo wangu Modesta amenitumia picha kutoka Ikoma. Hoteli anakofanya kazi ya mapokezi imepata ndege yake — mpya, ya abiria kumi na wawili. Amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anacheka. Chini ya picha ameandika: dada, hii si ya kiwandani kwenu?

Ni ya kwetu. Nyuma ya bega lake kuna kibati cha namba. Nikakikuza, nikakisoma, kisha nikailaza simu kifudifudi.

Naijua ndege hiyo. Ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Kiwandani, huko ughaibuni, nilikuwa mkaguzi wa ubora. Ilifika kwenye kituo changu bolti za bawaba ya mlango wa nyuma zikiwa zimekazwa kwa nguvu za mkono tu, bila spana ya kipimo. Nilikataa kupiga muhuri. Msimamizi wa zamu hakubishana nami juu ya bolti. Alisema watamalizia mbele. Hilo ndilo neno lao. Mbele! Kila kituo kina mbele yake, na mbele ya mwisho ni angani. Nikaambiwa sina moyo wa ushirikiano. Nikapewa likizo nisiyoiomba.

Mtu mwingine ameipigia muhuri. Je, bolti zilikazwa upya? Sijui — na neno hili naliandika kwa uangalifu. Sisemi ndege ni mbovu. Nasema hakuna aliyenionyesha kuwa ni nzima. Kiwandani kwetu tofauti ya kauli hizo mbili ilikwisha kusahaulika.

Jumatatu, 7 Julai

Nimewaandikia wenye mamlaka ya usafiri wa anga. Wamepokea, watachunguza, watajibu. Ndivyo inavyopaswa. Lakini safari ya uzinduzi ni Jumamosi hii, na Modesta amechaguliwa kuwa miongoni mwa abiria. Hoteli imemshonea sare.

Nikampigia, nikamweleza yote. Akauliza: umefukuzwa na watu hao, sasa unataka na mimi nifukuzwe? Sikufukuzwa, nikamsahihisha, nimepewa likizo. Akakata simu.

Nilisahihisha neno, nikampoteza msikilizaji.

Jumatano, 9 Julai. Itiryo

Nimekuja Tarime kwa baba mdogo Kisyeri. Leo wameletwa ng'ombe wa mahari ya binti yake, Gati. Baba mdogo aliingia zizini na wazee wenzake, wakapita katikati ya ng'ombe polepole: kwato, macho, meno, chuchu. Hakuna aliyewaharakisha. Mtamba mmoja mweusi alikuwa anachechemea.

Heche, msemaji wa upande wa bwana harusi, akaruka: "Mzee, huyu kajikwaa njiani tu. Atapona hukuhuku kwenu."

"Mura, kijana wangu," akasema baba mdogo, "apone kwenu kwanza, ndipo atembee."

"Aa, mzee! Unamkagua kama unamwoa wewe!"

"Ningekuwa namwoa ningefumba jicho moja. Wewe hukulifumba siku yako?"

Zizi zima likacheka, na mke wa Heche kuliko wote. Mtamba akatolewa, atarudi kwao, ataletwa mwingine. Kisha watu wakala pamoja! Hakuna aliyenuna. Hakuna aliyemwita baba mdogo adui wa ndoa.

Nimehudhuria semina nyingi juu ya utamaduni wa usalama — kwa picha za ukutani na kahawa nzuri. Hakuna hata moja iliyosema jambo hili waziwazi: kumrudisha mtamba si kumkataa mkwe. Kiwandani, aliyekataa bolti alihesabiwa kuwa amewakataa watu wote. Ndiyo maana bolti zote zilipita.

Ijumaa, 11 Julai. Nyansurura

Stanslaus amekuja, wakala wa kiwanda, kutoka Musoma. Viatu vinang'aa, vumbi letu halikuthubutu kuvigusa. Shikamoo nyingi kwa mama. Kwangu: "Injinia!"

Anajua kila kitu. Anataka nipande kesho, nikae dirishani, nipigwe picha. Mkaguzi mwenyewe, binti wa Mara, ndani ya ndege aliyoikagua! Baada ya hapo likizo yangu itakwisha salama. Watu wa Mara tuinuane, akasema.

Nikaomba jambo moja. Kifuniko cha bawaba kifunguliwe mbele yangu, na bolti zipimwe kwa spana ya kipimo. Ni kazi fupi. Zikiwa sawa nitapanda, nitacheka kwenye picha mpaka jino la mwisho lionekane.

"Hilo litafanyika kwenye matengenezo ya kwanza, Injinia. Huko mbele."

Amelitamka! Ndani ya nyumba ya mama yangu!

Mama, ambaye alikuwa akimimina chai, akainua uso. "Mbele wapi, baba?"

Stanslaus akasifu chai.

Jumamosi, 12 Julai. Ikoma, uwanja wa ndege

Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya ndege. Mlango wa nyuma ndio wa abiria, na ngazi imeungana nao. Nikikaa hapa hapandi mtu, wala mlango haufungiki. Sijapiga kelele. Nimetoa ombi lilelile la jana, kwa sauti ya kusikika, kisha nikaketi.

Ngoma imenyamaza. Wageni wanajipepea kwa kofia. Amos, mlinzi wa hoteli, amesimama mbele yangu akihangaika: "Dada, inuka basi. Sitaki kukugusa, wewe ni mtu wa kwetu."

"Basi usiniguse."

"Ndiyo, lakini nimeagizwa."

"Waambie umeagizwa na mimi pia."

Rubani ameshuka. Amepapasa kifuniko cha bawaba kwa kidole, akamwuliza Stanslaus kama kimewahi kufunguliwa tangu ndege ifike. Karatasi zote zimekamilika, Kapteni, akajibu. Rubani akasema hilo silo aliloliuliza.

Modesta amejitenga na wenzake. Sare mpya, skafu ya kijani. Hajanitazama tangu asubuhi. Amemwendea Stanslaus kwa adabu yake ileile ya mapokezi.

"Samahani, kaka. Wewe umepangiwa kiti gani?"

"Mimi? Mimi narudi kwa gari. Nina kikao Musoma."

Mtu amecheka nyuma huko. Amos ameangalia viatu vyake mwenyewe.

Sasa Modesta anakuja. Ameshika kishikio cha ngazi, mguu mmoja juu. Macho yake yako kwenye bawaba, si kwangu.

"Dada, sogea."

Sijui kama anataka kupita au kukaa. Nimesogea — nafasi ya kukaa, si ya kupita.