Kitabu Alichorudisha Milo

Toledo, Ohio
Jumatano, 5 Septemba

Dada yangu mpendwa Verna,

Pokea salamu za mdogo wako. Magoti vipi? Mahindi yamekauka, au bado unagombana na ile mashine ya marehemu shemeji? Mimi mwili upo. Mikate yako ya kabichi na nyama ilifika ingali laini, nikaila yote peke yangu, mchoyo kama ulivyonizoea.

Unanicheka kwamba tangu nitolewe uwanjani na kupandishwa ofisini nimekuwa bwana mkubwa wa tai. Cheka tu. Miaka ishirini na mbili nilikuwa kocha mwenye filimbi wa mpira wetu huu wa kofia ngumu na kugongana. Huu wa sita nashika kalamu, naamua nani abaki, nani aende. Naikumbuka filimbi, dada.

Julai, ulipomleta Milo kambini, ulinishika mkono ukaniambia nimwangalie mwanao. Nikaitikia.

Jumanne ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya kupunguza wachezaji. Unaijua desturi yetu: asubuhi mtu anagonga mlango, anasema unaitwa, njoo na kitabu chako cha mbinu. Ukiambiwa ulete kitabu, huna timu. Milo alikuja kwangu amekikumbatia, akaniuliza, mjomba, nimekosa nini? Nikamjibu nafasi zimejaa. Akakiweka mezani, akasema basi nisimwite mpwa tena.

Verna, nilimdanganya. Kocha alimtaka, tena alinifokea kwamba nimerukwa na akili. Jina lake nililifuta mimi. Siku mbili kabla, mazoezini, aligongwa kichwa. Akainuka akicheka, akaenda kusimama na kundi la wapinzani! Wenzake wakamtania, vipi wewe, umehama? Wakaangua kicheko. Mimi sikucheka; nilijua ubongo umetikisika, na pigo la pili likifuata upesi linaweza kumuua. Nilimvuta pembeni, akaniapisha nisimwambie daktari. Mjinga mimi, nikaapa, nikijua kalamu itamrudisha kwako kimya kimya.

Lakini sheria yetu hairuhusu kumwacha mchezaji aliyeumia. Ili nimwache, nilisaini karatasi kwamba ni mzima. Na mchezaji mzima akiachwa, timu nyingine zina siku moja ya kumdaka awe wao. Nilijipa moyo kwamba chipukizi kama yeye hatatakiwa na mtu. Kesho yake mchana timu ya Dayton wakamdaka.

Juzi nilimpigia daktari wao, nikavunja kiapo. Akanicheka. Akasema wapinzani wote husema hivyo, na sahihi yangu anayo mkononi.

Jumapili Dayton wanakuja hapa kwetu. Kocha wetu ameshawaambia vijana wamgonge Milo, yule mgeni wa Dayton, mapema, na kwa nguvu. Nimemsihi, akaniambia nirudi ofisini kwangu. Nitakuwa kule juu, nyuma ya kioo, sina la kufanya.

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Kila nikisikia sauti yako naogopa, naishia kuuliza habari za ng'ombe. Nisamehe. Milo hapokei simu yangu, lakini yako atapokea; mwambie asiingie uwanjani Jumapili. Barua hii naituma kwa haraka ikufikie kesho.

Wasalimie majirani. Wala usihangaike kunijibu, wala kunitukana. Mpigie yeye kwanza.

Nduguyo,
Leland