Kinu Kimelala, Mimi Nakohoa

Jumatano, baada ya Magharibi.

Zuhura mwanangu, mwezi mzima hujakanyaga hapa. Kwani kutoka Buguruni kuja Kariakoo siku hizi watu wanapanda ndege? Ulinifundisha herufi uzeeni, basi nakuandikia humu daftarini, ukija ujisomee aibu yako.

Kifua bado. Wiki ya tatu hii. Kila anayeniuliza namwambia ni vumbi la pilipili manga ninayotwanga ya kuuza, na wananiamini. Leo mvua imenyesha kutwa, sikutwanga. Nimekaa tu barazani, nakohoa mpaka machozi.

Mama Shayo wa duka la jirani akanitazama. "Bibi, leo kinu kimelala. Pilipili gani hiyo inayokukohoza?"

"Pilipili ya ulimi wako!"

Amecheka. Mimi sikucheka. Nimeingia ndani nikafungua kopo la vidonge nilivyopewa hospitali. Niliambiwa nimalize dozi, nikameza siku tatu, nilipopata nafuu vilivyobaki nikaviweka akiba, mtu wa nyumbani akiugua. Sasa kifua kinabana kuliko mwanzo, na usiku naogopa kama...

Ukurasa huu nauchana nikutumie kesho: Jumamosi njoo asubuhi unipeleke nikapimwe makohozi, tujue kama ni kifua kikuu. Mjukuu wangu mwache huko huko. Nikimwona nitambeba, na nikimbeba nitamkoholea.