Maji ya Kwanza

Jumapili, 3 Juni 1951

Bwana Miti amefika Isongole. Ndivyo watu walivyokwisha kumbatiza, jina lake la kweli halitamkiki. Amepiga hema nyuma ya dispensari. Masanduku ya chupa, spiriti, mizani! Anatafuta mizizi inayotibu homa. Anaisaga, anailoweka, anaipima. Leo kanisani hakuna aliyemsikiliza mhubiri, shingo zote dirishani.

Baba Sekela hana raha ya kukaa. Miaka tisa ni dresa wa kufunga vidonda tu, leo Mzungu kamwita “Bwana Boazi”. Baada ya chakula akaniomba, sauti laini kabisa, nimwonyeshe mzizi wa homa anaoutumia mama yangu. Nikamwambia, desturi unaijua: kuku kwanza. Anayefundishwa anamshika kuku kwa mikono yake, anamkabidhi anayefundisha. Hapo ndipo anaambiwa yote. Hata mimi, mtoto wa kuzaa, mama alinitoza kuku. Nikaapa juu ya shimo la mzizi kwamba sitamwambia mtu bila kuku. Nikivunja, dawa inakufa mikononi mwangu na mwa mama pia.

Akacheka. Eti mume atozwe kuku na mke wake! Nami nikacheka.

Jumanne, 5 Juni

Mtoto wa jirani yangu Felista anaungua homa. Nimekwenda kuchimba. Baba Sekela akanibebea jembe! Tangu harusi hajanibebea hata kibuyu. Nikajiona bibi harusi, mjinga mimi. Njia nzima maswali. Ni huu? Unachimba upande gani? Unachemsha mpaka lini? Nikamjibu nusu, nusu nikameza. Nilipofika nyumbani kwenye kazi ya maji, chungu kikichemka, yeye alikwisha kwenda kazini.

Acha niandike hapa. Daftari si mtu, kiapo hakilihusu. Mzizi huchemshwa mara mbili. Maji ya kwanza, yale mekundu, humwagwa na kufukiwa. Ni sumu. Mbuzi wa mama aliyaramba, zizini hakufika. Maji ya pili, ya rangi ya chai, ndiyo dawa.

Mtoto ameanza kutoka jasho. Atapona huyu.

Alhamisi, 7 Juni

Siamini. Siamini!

Nilipeleka mayai kambini. Yonathani, karani wa Bwana Miti, alikuwa akibandika karatasi kwenye chupa. Akanipongeza, kumbe nimeolewa katika ukoo wa waganga wakubwa. Ukoo upi? Akanisogezea chupa. Nikasoma mwenyewe: “Dawa ya homa. Imeletwa na Bwana Boazi, aliyefundishwa na babu yake.”

Babu yake! Babu yake alichunga ng'ombe za watu mpaka akazikwa, na homa yenyewe ndiyo iliyomzika!

Mama hayumo. Mimi simo. Hata “mke wake” haimo. Nikamuuliza Yonathani kama ana hakika, akasema Boazi mwenyewe alimwambia aandike hivyo, neno kwa neno, na akarudia babu mara mbili asisahaulike.

Baba Sekela aliporudi nyumbani nikamkabili. Hakukana! Akasema Bwana Miti hawezi kuandika maneno ya wanawake wa jikoni. Akasema cha mke ni cha mume. Akasema ameahidiwa kazi ya maabara Dar es Salaam. Nikauliza, na sisi? Akasema atatangulia kwanza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisikia tangu utoto, leo ndiyo nimeijua.

Ijumaa, 8 Juni

Simsemeshi. Hajagundua.

Jumamosi, 9 Juni

Felista amekuja mbio na habari. Jumatatu Boazi atakunywa dawa mbele ya watu! Bwana Miti alitaka aanze na sungura. Boazi akamwambia hakuna haja, ukoo wetu tunainywa tangu tukinyonya. Felista anacheka, anasema mume wangu ni mwanamume kweli.

Na jambo la maji hakulisikia!

Nikamngoja mlangoni. Baba Sekela, mnachemsha mara ngapi? Akasema mara moja, inatoka nyekundu, kali, safi. Nikamwambia usinywe. Kwa nini nisinywe? Nikasema siwezi kusema, usinywe tu, nakuomba. Akanipigapiga bega. Eti wivu wa kike. Eti nisimharibie siku yake.

Ningesema! Lakini Felista ana watoto watatu, na Isongole nzima kila masika inakuja kwa mama. Dawa ikifa, wao wanywe nini? Sijui kama kiapo kinaua dawa. Sijawahi kumwona aliyejaribu.

Na niseme kweli, maana hapa nipo peke yangu. Nilitaka aniulize vizuri. Mara moja tu aseme, Mama Sekela, hii ni yako, nifundishe.

Jumapili, 10 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekwenda Ikinga kwa mama, Sekela mgongoni. Nimemweleza yote. Mama Anyosisye si mtu wa kelele. Aliendelea kupukuchua mahindi mpaka kikapu kikajaa, kisha akasema: mwache anywe. Aliyeiba mzinga asitake kuambiwa nyuki wako wapi.

Nimelia. Nikamwambia, mama, ni baba wa mjukuu wako. Akainua kikapu, akaingia ndani. Nalala hapa hapa.

Jumatatu, 11 Juni

Alfajiri nilimkuta kuku mlangoni, amefungwa miguu. Jogoo mwekundu, yule mama anayempenda mwenyewe. Mama akasema maneno machache: atoke mikononi mwa mumeo, aingie mikononi mwako. Hapo sema yote. Ndaga, mama, asante! Sekela nikamwacha kwake. Nimekuja karibu mbio.

Naandika kwenye baraza ya nyuma ya dispensari, inayotazama kambi. Watu wamejaa, hata wa ng'ambo ya mto wamekuja. Nilimvuta Baba Sekela pembeni. Amevaa koti jeupe la kuazima. Nikamwambia, mshike jogoo huyu, halafu nipe. Basi. Usiulize kitu. Akatazama watu. Akatazama koti. Akamshika!

Akageuka naye. Akampelekea Bwana Miti. Eti mke wangu amekuletea zawadi!

Watu wakapiga makofi. Bwana Miti akanipungia mkono. Jogoo wa mama amepelekwa jikoni, nilimsikia akipiga kelele, sasa simsikii.

Nimemfuata Baba Sekela tena. Akaniambia bila kugeuka, nenda nyumbani, unanitia aibu.

Ningeweza kwenda. Haki ya Mungu ningeweza kwenda! Kiapo hakinidai kitu, na yeye amenifanyia yote haya mchana kweupe. Lakini nikiishika kalamu hii nakumbuka. Mwaka wa kwanza wa ndoa alinifundisha herufi, kila jioni, kwa mkaa kwenye mlango wa ghala, na mama yake akitucheka. Siku nilipoandika jina langu alininunulia daftari hili. Hakunitoza hata yai moja.

Wameepua chungu. Kikombe wamekiweka hapa dirishani kipoe, karibu na kiwiko changu. Maji mekundu tupu ndani. Nikikimwaga, chungu kizima bado kiko mezani. Bwana Miti ametoa saa mfukoni. Baba Sekela ananawa mikono, anaimba.

Daftari si mtu. Nilisema hivyo mwenyewe.

Nitalifungua ukurasa wa Jumanne, niliweke dirishani, kikombe juu yake. Akikiinua ataona mwandiko wangu, kama atatazama chini. Amemaliza kunawa. Anakuja. Nafungua